Miaka Yangu ya Kukimbiza Makaa ya Nyota

Kabla hamjaniuliza kuhusu nyota, vijana wangu, niulizeni kuhusu soksi.

Kazi yetu ilihitaji soksi nzito za sufu, jozi mbili kwa kila mtu na moja kubwa kwa darubini. Za mtu mnajua kazi yake. Anayewaambia kilimani kwetu Gatuanyaga ni joto amepita huko mchana tu, nyuma ya pikipiki, vumbi likimwingia masikioni. Akae nje pale hadi alfajiri ndio tuongee. Ile ya darubini tuliijaza mchele mkavu, tukaupasha juu ya jiko, kisha tukaizungusha kwenye lenzi kama skafu ili umande usitue. Mpaka leo naapa inashinda vifaa vingi vilivyoletwa kwa ndege. Onyo ni moja: ukishikwa na njaa, usipike ule mchele. Mwalimu Mutua, mkubwa wangu kazini, na mimi tuliwahi kuupika. Ladha yake sitaieleza. Mwalimu aliweka kijiko chini polepole, akaniangalia, akauliza, "Wambui, hii soksi ilikuwa ya nani kabla haijakuwa ya darubini?"

Nikamwongezea chumvi, kwa sababu nilijua.

Wambui ndiye mimi. Nimestaafu, naishi Kamenu, nina sungura wanne na goti moja linalotabiri mvua kuliko redio. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa darubini katika kituo kidogo juu ya kilima kule Gatuanyaga, mali ya chuo ambacho sitakitaja kwa sababu bado wananitumia kalenda kila Krismasi. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati chenye paa la kusukuma kando, linalotembea juu ya magurudumu ya geti. Fundi wa Thika aliyeyachomelea hakuamini maelezo yetu hata kidogo. Aliwaambia watu tunajenga kanisa la wale wanaotaka Mungu awaone vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Mbali sana huko, nyota kubwa hufika mwisho wake na kulipuka. Mlipuko huo hutoa miale inayoitwa gama. Jicho haliioni, na huisha upesi, pengine kabla hujamaliza kupiga chafya. Setilaiti huinasa na kutuma ujumbe duniani: kuna kitu kimelipuka, upande fulani wa mbingu, fanyeni haraka. Kinachobaki pale ni mwanga hafifu unaoendelea kufifia, kama jiko watu wakishapakua chakula. Mwalimu Mutua aliuita hivyo hivyo, makaa, nasi sote tukaiga. Ulitakiwa kuelekeza darubini pale kabla makaa hayajazimika, upige picha moja baada ya nyingine, halafu uzilinganishe na picha za zamani za mahali pale pale. Ukiona nukta ambayo haikuwepo, na nukta hiyo inafifia, umepata. Unawaandikia wenzako wa dunia nzima, na watu wenye darubini kubwa kuliko nyumba yako wanageukia ulipoonyesha kidole.

Mara nyingi hupati. Hapo pia unaandika: tuliangalia, hatukuona kitu. Ukiondoa bawabu, sijui mtu mwingine anayelipwa kwa kuripoti kwamba hakuona kitu.

Mimi niliingia kwa mlango wa picha za pasipoti. Nilikuwa na studio ndogo Ruiru, kitambaa cha bluu ukutani, kioo na kitana cha wateja. Siku moja akaingia mzee mrefu, Mkamba, mwenye sweta iliyochanika kiwiko, akataka picha nne haraka. Nilipiga mara tatu, mara tatu akafumba macho. Akasema haidhuru, atazichukua tu, ana haraka.

Nikamwambia, "Mzee, siwezi kukupa hizi. Hii si picha yako, ni picha ya mtu amelala."

"Lakini ni mimi nalipa."

"Hata ukilipa. Jina langu liko nyuma yake."

Akacheka, akakaa, akafungua macho kama mtu aliyemwagiwa maji. Ile picha ya nne ilikuwa ya kutisha, lakini ilikuwa ya kweli. Wiki iliyofuata alirudi kuniambia yeye ni Mwalimu Mutua wa fizikia, ana darubini, na anatafuta mtu anayejua kukataa picha. Nilifikiri ni mgonjwa. Nilienda tu kwa sababu alisema kuna chai.

Basi nianze na makosa, maana kwa hayo ndiyo nilijifunza kazi.

Ujumbe wa setilaiti ulikuja kwa simu, na Mwalimu ndiye aliyechagua mlio wa simu yangu. Alitaka mlio ambao mtu hawezi kuulalia. Akachagua tarumbeta. Jumapili moja nilikuwa kanisani hapa Kamenu, benchi la tatu, na mhubiri alikuwa amefika pale pa parapanda. Alikuwa ameinua mkono, jasho linamtoka, akauliza kwa sauti kubwa, "Na itakapolia, wewe utakuwa wapi?"

Ikalia.

Ndani ya begi langu, kwa sauti ya juu kabisa. Mama aliyekaa karibu nami alinitupia mtoto wake mapajani akainua mikono yote. Mzee mmoja wa kanisa alipiga magoti na kuanza kutubu mambo ambayo mkewe, aliyekuwa benchi la nyuma, ndio kwanza alikuwa anayasikia. Mimi sikungoja mwisho. Nilimrudishia mama mtoto, nikatoka mbio, nikapanda bodaboda mpaka Gatuanyaga nikimhimiza kijana wa watu, "Kanyaga! Inazimika!" Akauliza ni nyumba gani inaungua. Nilifika juu nikihema, nikasukuma paa, nikainua uso.

Mwalimu Mutua alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, anamenya kiazi kitamu. Hakuinuka.

"Wambui," akasema, "ni nini ile inang'aa hapo juu?"

Nikaangalia. "Ni jua, Mwalimu."

"Tuandike tumeliona?"

Ilikuwa saa tano asubuhi. Tangu siku hiyo, kabla sijakimbilia nyota yoyote, naangalia saa kwanza. Yule mzee wa kanisa alihamia dhehebu lingine.

Kosa la paka lilikuwa kubwa zaidi, na lile sikulicheka siku ile, ingawa dunia nzima ilicheka.

Mjue kwanza kwamba kamera ya darubini ni lazima ipozwe. Ikipata joto huanza kuona nukta ambazo haziko, kama mtu mwenye malaria. Yetu ilipozwa na sanduku lililokaa sakafuni, lililosukuma maji baridi mpaka kwa kamera na kutoa hewa ya moto kupitia matundu ya ubavuni. Hewa ile ilikuwa tamu sana kwa mtu mmoja tu pale kilimani, naye alikuwa paka. Tulimwita Chifu, kwa sababu hakufanya kazi yoyote lakini ilibidi asalimiwe.

Usiku huo Mwalimu alikuwa amechoka kwa kukesha mfululizo, akaenda kulala kwenye chumba cha chini. Ujumbe ukaja, mbingu safi, niko peke yangu. Nikaelekeza darubini, nikapiga picha. Pale pale ndani ya duara tulilopewa na setilaiti kulikuwa na nukta. Nikafungua picha za zamani: hakuna. Nikapiga ya pili: nukta ipo, imefifia kidogo. Ya tatu, imefifia zaidi. Jamani! Nilisikia moyo kwenye meno. Miaka yote ile tulikuwa tumefika makaa yakiwa yamezimika, au wengine wakiwa wametutangulia, na sasa nilikuwa wa kwanza duniani, mimi, Wambui wa pasipoti.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Mwalimu alinifundisha kabla hata ya kunionyesha choo kiko wapi. Kabla ya kuandika chochote, sukuma darubini kidogo, upige tena. Nukta ikiwa ya mbinguni, itahama pamoja na nyota wenzake. Ikibaki pale pale kwenye picha, hiyo ni ya kamera yako, si ya Mungu.

Sikusukuma. Nilikuwa na haraka ya furaha, ambayo ni mbaya kuliko haraka ya kuchelewa. Nikaandika, nikatuma: tumepata.

Darubini kubwa zikageuka. Nchi moja ikajibu kwa heshima kwamba wao hawaoni kitu. Nchi ya pili ikajibu hivyo hivyo, heshima imepungua kidogo. Kulipokucha Mwalimu akapanda juu na kikombe chake, akaangalia picha zangu, akaangalia rekodi ya joto la kamera, akapiga magoti mbele ya sanduku. Aliposimama alikuwa na manyoya katikati ya vidole.

"Chifu alilala wapi jana?"

"Hapo tu, kwa sanduku. Baadaye akatoka."

"Alitoka saa ngapi?"

Nikafikiri. Alitoka nilipokuwa napiga picha ya kwanza. Nakumbuka kwa sababu nilimpisha.

"Ameziba matundu, kamera ikashikwa na homa, nukta ikatokea," Mwalimu akasema. "Akaondoka, kamera ikapoa, nukta ikafifia." Akanywa chai. "Wambui, umegundua paka."

Nilikaa chini. Nilitaka yeye ndiye aandike kwamba tumefuta ile habari, kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa. Akakataa. Akasogeza kiti chake mbali na kompyuta ili nisimsukumie kazi hiyo.

"Niandike ukweli wote?"

"Wote."

"Hata paka?"

"Hasa paka. Wakijua ni paka watakuamini. Ukisema 'hitilafu ya mitambo' watajiuliza unaficha nini."

Nikaandika. Kwa miezi mingi baadaye watu wa nchi ambazo siwezi hata kuzitamka walimalizia barua zao kwa kumsalimia paka. Chuoni hawakucheka. Mwenyekiti wa kamati alikuja mwenyewe mpaka kilimani, viatu vikajaa vumbi jekundu, akasema uongo mwingine mmoja ukitoka pale, kibanda kitafanywa stoo ya viti vya mahafali. Aliangalia paa letu akauliza kama likifungwa halivuji.

Mimi nikavunjika. Nilifanya kazi kama kawaida, soksi, paa, kamera, lakini sikutuma tena neno lolote bila Mwalimu kuweka mkono. Hata ripoti ya kutoona kitu nilimwomba aje athibitishe kwamba kweli hakuna kitu. Akawa anakuja, anatazama giza, anasema, "Naam, hakuna," anarudi kulala. Aliniacha hivyo muda mrefu. Nadhani alikuwa anangoja siku ambayo hatakuwepo.

Siku hiyo ilifika jioni, saa moja imepita kidogo, ndio giza linaingia. Mwalimu alikuwa Yatta kwenye matanga ya shemeji yake. Tarumbeta ikalia, nikaangalia saa, nikaangalia paka, nikamfungia jikoni, nikasukuma paa. Namba zikaonyesha mashariki, chini kabisa, karibu na upeo. Nikaelekeza darubini na picha ya kwanza ikatoka nyeupe kama maziwa.

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Mashariki, chini ya kilima, palikuwa na banda la kuku la Baba Muthoni.

Baba Muthoni alifuga kuku wa mayai, na wafugaji mnajua, kuku wa mayai huongezewa mchana kwa taa ili watage. Banda lake lilikuwa la wavu upande wetu, na ndani kulikuwa na balbu zenye nguvu ya kuchezea mpira usiku. Miaka yote hatukugombana, maana tuliangalia juu na yeye aliangalia kuku. Leo nyota yangu ilikuwa imekaa juu ya paa lake sawasawa. Ningengoja ipande, lakini ingechukua karibu saa nzima, makaa hayangoji, na upande wa Thika mawingu yalikuwa yameanza kusimama.

Nikateremka mbio mpaka uani kwake.

"Baba Muthoni! Naomba uzime taa kidogo!"

Alitoka na koti lake refu, ndoo ya chakula mkononi. "Habari ya jioni, mama wa nyota. Kuzima haiwezekani. Kuku ukizimia taa ghafla wanakimbilia kona moja, wanalaliana, asubuhi unaokota maiti."

"Kuna nyota imekufa, Baba Muthoni!"

"Aiya, pole sana. Lakini kuku zangu ziko hai."

Alikuwa na haki. Nilisimama pale nikihema, nikiwa na dunia nzima upande mmoja na kuku upande mwingine, na kwa kweli kuku walikuwa karibu zaidi. Ndipo Mama Muthoni akatoka jikoni akifuta mikono.

"Kwani shida ni taa kuwaka," akauliza, "ama shida ni taa kuonekana?"

"Kuonekana tu. Upande huu wa kilima."

"Sasa si tufunike?"

Mwaka wa ngapi huo nikikaa juu ya kile kilima, na hakuna aliyewahi kufikiria hivyo, si mimi, si Mwalimu, si kamati. Mama Muthoni akaingia ndani, akarudi amebeba mashuka ya nyumba nzima. Tukayabana kwenye wavu kwa vibanio vya nguo. Mashuka yakaisha, akaleta mapazia. Mapazia yakaisha, akaleta leso, blanketi la Muthoni, na kitambaa cha meza kilichodariziwa KARIBUNI WAGENI, ambacho kuku walianza kukisoma kwa mdomo. Ndani ya banda mwanga ulibaki vile vile, kuku hawakujua lolote. Nje giza likarudi kipande kwa kipande.

Likabaki pengo moja mwishoni, lenye upana wa mlango, na nguo zimekwisha. Tukaliangalia sote watatu.

Baba Muthoni akaweka ndoo chini. Akafungua vifungo vya koti, akasimama kwenye pengo mgongo ukiwa kwenye wavu, akanyoosha mikono na koti lake kama popo.

"Inatosha?"

"Inatosha kabisa!"

"Nisimame mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie!"

Nilipokuwa napanda kilima nilisikia akilalamika kwamba jogoo anamdonoa makalioni, na mkewe akimjibu asitikisike, nyota itaharibika.

Picha iliyofuata ilitoka nyeusi, nzuri, yenye nyota. Na ndani ya duara palikuwa na nukta.

Nikafungua picha ya zamani: haipo. Nikapiga tena: imefifia. Nikasukuma darubini kidogo, nikiogopa nitaisukuma mpaka Garissa, nikapiga tena. Nukta imehama pamoja na wenzake. Nikasukuma upande mwingine. Imehama tena. Nikampigia Mwalimu. Nilisikia watu wanaimba nyuma yake.

"Mwalimu, iko hapa! Niambie kama ni yenyewe!"

"Umesukuma darubini?"

"Mara mbili."

"Imehama na wenzake?"

"Imehama."

"Paka?"

"Jikoni, mlango nimefunga."

"Joto la kamera?"

"Halijasonga."

Nikasikia mtu akimwuliza kama ataongeza githeri.

"Basi unanipigia ya nini?"

"Nataka useme wewe. Nikikosea tena watatia viti humu ndani."

"Wambui, mimi hapa naona sufuria na watu wanalia. Wewe ndiye unaona nyota. Ile siku ya pasipoti uliniuliza mimi kama macho yangu yako wazi? Ulinikatalia. Sasa kama ungekuwa unajua kukataa tu bila kujua kukubali, ningekuajiri ya nini? Wananiita niombe. Kwaheri."

Akakata. Nikapiga tena, simu imezimwa.

Vijana wangu, nimewahi kuogopa nyoka, na nimewahi kuogopa mwenye nyumba, lakini sijawahi kuogopa kitufe kama nilivyoogopa kile cha kutuma. Nilikiangalia. Niliona viti vya mahafali vimepangwa mpaka juu. Kisha nikageuka nikaangalia chini ya kilima, na pale gizani ukingo mwembamba wa mwanga ulikuwa unaonyesha umbo la mtu amenyoosha mikono. Hakujua miale ya gama ni nini. Alisimama kwa sababu nilimwambia kuna kitu, naye akakubali kwamba kipo. Nikaona aibu. Nikaandika nukta iko wapi, ina mwanga kiasi gani, imefifia kiasi gani, nimehakikisha vipi. Mwisho nikaongeza kwamba paka hahusiki. Nikabonyeza.

Halafu nikaendelea kupiga picha mpaka mawingu ya Thika yalipofika na kufunga kila kitu. Nikafunga paa, nikawasha jiko, nikatia maji ya chai, nikakaa, nikasema Bwana asifiwe, na ndipo nikakumbuka Baba Muthoni.

Niliteremka kilima kwa makalio zaidi ya miguu. Bado alikuwa amesimama. Mikono ilikuwa imeshuka kidogo, mkewe akiwa ameutegemeza mmoja kwa fimbo ya kuanikia nguo, na anamlisha ugali kwa mkono.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha. Ngai! Baba Muthoni, nisamehe, imeisha kitambo."

"Naweza kujikuna?"

Asubuhi nilikuta barua. Kituo kimoja cha mbali kusini kilikuwa kimegeuka pale nilipoonyesha, na nukta walikuwa wameiona, hafifu zaidi, mahali pale pale. Mchana huo huo wenye darubini kubwa sana wakapima umbali wake. Nililia kidogo, kisha nikamfungulia Chifu, ambaye alikuwa amekula siagi yote. Mwalimu aliporudi kutoka Yatta alisoma ripoti yangu mara mbili, akasema nimeweka koma mahali si pake, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni. Sikumwita tena kuja kuthibitisha giza. Kwenye ripoti kamili nikawashukuru Baba na Mama Muthoni kwa jina, kwa mashuka na kwa kusimama. Mwenyekiti wa kamati alitaka sehemu hiyo iondolewe, eti haina heshima ya kisayansi. Mwalimu akamwambia isipokuwepo hiyo, hata nyota haipo. Ikabaki.

Lakini hayo yalikuja baadaye; jioni iliyofuata ile ya mashuka, Baba na Mama Muthoni walipanda kilima. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani, na Baba Muthoni alitembea kama mtu aliyelalia mbao. Walitaka kuiona. Nikawaonyesha picha ya kwanza, nukta ikiwa na nguvu. Nikawaonyesha ya mwisho, nukta kama chembe ya chumvi. Halafu nikangoja mahali pale papande juu ya mwanga wa banda, nikapiga mpya mbele yao, mbingu safi, nikaweka kidole mahali pake. Palikuwa peusi.

Baba Muthoni akainamia kioo cha kompyuta.

"Na ilikufa lini hasa?"

"Zamani. Kabla ya kuku, kabla ya watu, kabla hata ardhi hii tunayokanyaga haijakuwepo. Mwanga wake umekuwa njiani wakati huo wote, ndio ukafika jana jioni."

"Wakati huo wote, unatembea tu?"

"Bila kupumzika."

"Na ukafika wakati mimi nimesimama pale."

"Wakati ule ule."

Akatikisa kichwa, akamwangalia mkewe. Mama Muthoni alikuwa bado anaangalia lile doa jeusi, amekunja mikono, uso wa mtu anayefikiria jinsi jambo lilivyokuwa karibu kuharibika.

"Heri ilikuja jana," akasema. "Leo mashuka yote yako kwa beseni."